Nilichaguliwa, kaka hakuchaguliwa

Jumapili moja ya mwezi wa tano nilikuwa nachambua maharage mezani, binti yangu yuko upande wa pili na kitabu chake cha maumbo, cha kujiandaa na mtihani wa kuingia sekondari. Pembetatu nyeusi ndani ya duara, duara ndani ya mraba, mshale umegeuka robo: lipi linafuata? Nilikuwa nimetega saa ya jikoni dakika 20. Mdogo wake alikuwa chini ya meza, ndiyo kawaida yake, anapitisha kigari chake juu ya miguu yetu.

Binti hakuinua kichwa. Aliuliza huku anaendelea kutia alama.

"Mama, mimi nikipita halafu yeye asipopita, tutakuwa kama wewe na Mjomba?"

Nilimwambia amalize kwanza ukurasa.

Saa ilipolia alikuwa ameshalisahau swali lake. Mimi nililala nalo. Nikaamka nalo, nikaenda nalo zamu ya usiku wodini, nikarudi nalo asubuhi. Wiki sita.

## Hadithi inayoishia kwa jogoo

Watoto wangu wanaijua hadithi ya Muheza, Tanzania, nilikokulia, neno kwa neno, maana ndiyo niliyowalea nayo. Darasa letu la saba, mwaka 1991, tulikuwa 61. Jioni tulirudi shuleni kwa masomo ya ziada. Kila mtoto alikuja na mafuta ya taa robo chupa, mwalimu anayamimina yote kwenye karabai moja, tunakaa tumeizunguka karabai na mbu wametuzunguka sisi. Desemba mwalimu mkuu alikuja nyumbani kwa baiskeli wakati tunapanga machungwa kwenye matenga. Shule nzima walichaguliwa watatu kwenda sekondari. Mimi nilikuwa mmoja wao, napelekwa bweni Korogwe. Baba alichinja jogoo.

Siku zote hadithi yangu iliishia kwa jogoo.

Kaka yangu amenizidi mwaka mmoja na miezi. Mwaka aliotakiwa kuanza shule aliumwa sana, ndiyo maana tukaanza pamoja, tukakaa dawati moja miaka saba. Yeye ndiye aliyekuwa akinisahihishia hesabu kabla sijazipeleka kwa mwalimu. Siku ile naye alikuwa palepale kwenye matenga. Sikumbuki alifanya nini majina yalipotajwa. Nimejaribu sana kukumbuka. Nakumbuka kengele ya baiskeli, nakumbuka mama alivyoinua upindo wa kanga akajifuta uso, nakumbuka jogoo. Yeye simwoni.

Nimesimulia hadithi hiyo miaka mingi kama ushahidi: soma kwa bidii, mlango utafunguka. Sikuwahi kuongeza kwamba aliyenisahihishia hesabu mlango ulimfungia. Wala sikuongeza jambo nililokuja kulielewa nikiwa chuoni, habari ya kwota. Enzi zile nafasi za sekondari za serikali ziligawanywa kwa mikoa na wilaya, za wavulana mbali na za wasichana mbali, ili watoto wa sehemu zilizoachwa nyuma, na wasichana popote walipo, nao wapate. Kwota hiyo naiunga mkono mpaka leo. Isingekuwapo, wengi wetu tungekuwa tumeolewa kabla ya miaka kumi na minane. Lakini maana yake ni kwamba mimi na kaka hatukuwa kwenye foleni moja. Inawezekana kabisa alinizidi alama. Alama hatukuonyeshwa. Tulitajiwa majina, basi.

Binti yangu alikuwa ameigundua sehemu ya hadithi ambayo sikuwahi kumsimulia, na ameigundua kwa sababu inamhusu. Mdogo wake ana miaka saba na herufi zinamchezea. Mwalimu wake ametuambia jina la hali hiyo, disleksia. Dada mtu hajui neno hilo vizuri, lakini anajua ni nani nyumbani anasoma haraka na nani anajificha chini ya meza siku ya kusoma kwa sauti.

## Upande huu wa mto

Tunaishi Gravesend, Kent, Uingereza, pale Mto Thames unapoanza kupanuka kuelekea baharini. Ukisimama kwenye ukingo unaiona Tilbury ng'ambo, na makontena yake. Ndiko ilikotia nanga Windrush mwaka 1948, meli iliyoleta wahamiaji kutoka visiwa vya Karibiani. Nikitoka zamu napenda kupita hapo kabla ya kurudi nyumbani. Mtoto wa miaka kumi anayekaa ule upande, halmashauri yake haina shule ya grama hata moja. Huku kwetu mtihani ndio habari ya mjini kuanzia darasa la nne.

Kwa mnaosoma mkiwa nyumbani: shule za grama ni za serikali, hazina ada, ila zinachuja watoto kwa mtihani uitwao 11+, ingawa wengi wanaufanya wakiwa bado na miaka kumi. Fikirieni Kilakala au Ilboru, zile shule zetu za vipaji, lakini ya kutwa, na mtoto anakwenda kwa basi. Zamani ndivyo ilivyokuwa Uingereza karibu yote. Baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1944, watoto waligawanywa wakiwa na miaka 11, wachache grama, waliobaki kwingine. Mwaka 1965 waziri wa elimu Anthony Crosland akaziandikia halmashauri waraka wa kuziomba ziache kuchuja. Aliomba, hakuamuru. Nyingi zikakubali, Kent ikabaki na mfumo wake. England na Wales zilikuwa na shule za grama zaidi ya 1,200 wakati huo. Leo England zimebaki 163, na 32 kati ya hizo ziko Kent. Wales na Scotland hazina kabisa. Tangu mwaka 1998 sheria imekataza kufungua mpya.

Kwa hiyo mwanangu anachujwa kwa sababu mwaka tuliohama, nyumba ya kupanga tuliipata upande huu wa mto.

Hilo lilinikalia vibaya zaidi nilipolilinganisha na Muheza. Kule tulichujwa kwa sababu nafasi hazikuwepo. Nchi ilikuwa haina madarasa, haina walimu, haina madawati. Tangu shule za kata zijengwe miaka ya 2000, watoto wa kaka yangu wote wameingia kidato cha kwanza bila mwalimu mkuu kuja kwa baiskeli. Huku kila mtoto ana nafasi ya sekondari tangu siku anazaliwa. Hapa tunamchuja nani, na kwa ajili gani?

## Mstari mmoja

Tuliingia kwenye tuisheni kama wengine. Pauni 35 kwa saa, kila Jumamosi. Mwalimu ni mtu mwema na anajua kazi yake, simlaumu. Ila nilipokuwa namlipa nilikuwa nawaza: wenzangu wodini wanaosafisha sakafu wanazitoa wapi? Si siri kwamba watoto wanaopewa chakula cha mchana bure kwa sababu ya kipato cha wazazi ni wachache sana kwenye shule za grama kuliko kwenye shule nyingine. Mafuta ya taa robo chupa kila mtu aliweza kuyapata. Pauni 35 ni jambo jingine.

Mtihani wenyewe una karatasi mbili za saa moja moja. Ya kwanza ni Kiingereza na hesabu. Ya pili ni ya kufikiri, kwa maneno na kwa maumbo. Kuna na kazi ya kuandika ya dakika 40, ambayo haisahihishwi. Inahifadhiwa, na hutazamwa pale tu mwalimu mkuu wa msingi anapomwombea mtoto aliyekosa kidogo. Majibu ya kuchagua yanatiwa kwenye karatasi ya pembeni yenye visanduku. Mtoto anasoma swali huku, anatia mstari kule.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita alifanya mazoezi ya maswali 25. Nilisahihisha, nikapata 12. Nikasahihisha tena. Alikuwa anajua. Aliruka swali la 13 akisema atalirudia, lakini kwenye karatasi ya majibu hakuruka. Jibu la 14 akaliweka kwenye 13, la 15 kwenye 14, hivyohivyo mpaka mwisho. Nilipoyasogeza yote mstari mmoja chini, alikuwa na 23.

Nilimwonyesha. Akatazama safu ile ya vistari, akaweka kidole kwenye 13, akakishusha polepole mpaka chini kabisa.

"Kwa hiyo nilikuwa najua," alisema, "lakini hawangejua kwamba najua."

Sikuwa na la kumjibu. Nilifikiria dawati letu la Muheza na karatasi mbili zilizotoka kwenye dawati hilo, yangu na ya kaka.

## Baba yao

Mume wangu hana wasiwasi huu, na hoja yake nzito naiheshimu. "Sisi hapa hatuna wa kutushika mkono," anasema. "Hatuna jina, hatuna nyumba ya kurithi, hatujui mtu ofisini. Watoto wetu wana vyeti vyao tu. Ukipewa mlango, ingia. Utaufikiria ukiwa ndani." Yeye alisoma Tanga mjini kwa ada ya kuungaunga, kila muhula anarudishwa nyumbani. Mtu wa namna hiyo humwambii kwamba shule nzuri ya bure ina tatizo.

Nilimsomea habari za watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Durham, Stephen Gorard na Nadia Siddiqui, waliochapisha uchambuzi wao mwaka 2018. Walikuta kwamba ukishazingatia watoto wanaoingia ni wa namna gani, kipato cha nyumbani na alama walizokuja nazo, shule za grama hazionekani kuwaongezea matokeo kuliko shule nyingine. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Sawa," akasema. "Lakini mwanao atakaa na nani darasani? Hilo wamelipima?"

Tukalala. Siku ya mwisho ya kuandikisha, saa nne usiku, nilimwandikisha. Mwenyewe alikuwa anataka. Alikuwa ameniomba mara tatu.

## Madaftari

Kaka yangu ni fundi pikipiki, ana banda lake karibu na stendi. Tunaongea kila Jumapili: mvua, bei ya machungwa, goti la mama. Jumapili ya kwanza ya mwezi wa saba nilikaa kwenye ngazi, nikafunga mlango wa sebule, nikampigia. Sikujua nianzie wapi, nikaanza katikati.

"Kaka, siku ile ya majina ulijisikiaje?"

Kimya. Nikadhani mtandao umekatika.

"Wewe nawe," akasema. "Miaka yote hii."

Kisha akanieleza. Kwamba Januari ile, mimi nimeshakwenda Korogwe, baba alimpeleka kwa mwalimu mkuu wa shule nyingine, mwendo wa saa mbili kwa miguu, arudie darasa la saba. Kurudia kulikuwa hakuruhusiwi, kwa hiyo waliorudia walitumia jina la mtoto aliyeacha shule. Mwalimu alikuwa ameshampatia jina. Alikaa darasani siku tatu. Siku ya nne mwalimu akaita mahudhurio, akaliita jina lile, darasa likanyamaza.

"Nami nikawa namsubiri huyo mtoto aitike," kaka alisema. "Ananitazama mwalimu, wananitazama wenzangu. Kumbe ni mimi. Nikaona aibu, mdogo wangu, nikainuka nikatoka. Sikurudi tena."

Baba hakumpiga. Wiki iliyofuata alimpeleka kwa fundi baiskeli sokoni.

Nilimwuliza kama alinichukia. Sauti yake ikapanda kidogo, kama mtu aliyeonewa. "Nikuchukie kwa lipi? Tranka lako nani alilibeba mpaka stendi?" Kweli, alilibeba. Na hilo nilikuwa nimelisahau.

Halafu akasema neno ambalo nimelibeba mpaka leo.

"Kilichoniuma ni nyumbani. Toka siku ile hakuna aliyenitajia shule. Ukija likizo, mama anayachukua madaftari yako anayaweka juu ya kabati, nisiyaone nikaumia. Na mimi nilikuwa nataka kuyasoma."

Nilikuwa nikiyaona madaftari yale juu ya kabati. Miaka minne nilidhani mama anayaepusha na panya.

Tuliongea mpaka salio likaisha. Nilipotoka pale kwenye ngazi nilikwenda jikoni, nikasimama mbele ya friji. Juu ya friji kulikuwa na vitabu vyote vya mazoezi vya binti yangu, vimepangwa vizuri. Nilikuwa nimevihamishia huko mwezi wa nne. Nilijiambia ni kwa sababu mdogo wake anachora kila anachokiona. Lakini si kweli. Mchana mmoja nilimkuta amefungua kitabu cha maneno, ameweka kidole kwenye mstari, midomo inatembea, na uso wake umekunjamana. Nikakichukua taratibu, nikampa kigari. Nilimfanyia mwanangu kile mama alichomfanyia kaka, kwa upendo uleule.

Nilivishusha vyote usiku ule, nikaviweka kwenye rafu ya chini.

## Shule isiyotajwa

Kwenye kundi letu la WhatsApp la akina mama wa Kitanzania tunaongelea shule za grama usiku na mchana. Basi gani linafika, sare inauzwa wapi, nani amepanda nani ameshuka. Shule zisizochuja, ambako watoto walio wengi wa Kent wanakwenda, hatuzitaji. Zikitajwa ni kwa kunong'ona, kama msiba. "Amekwenda ile nyingine."

Nikajiuliza: nawezaje kumpeleka mtoto kwenye mtihani ambao akiukosa atakwenda mahali ambapo mama yake hajawahi kupakanyaga?

Septemba, baada ya mtihani na kabla ya majibu, tulikwenda jioni za kutembelea shule. Ya grama foleni ilizunguka jengo. Maabara ilikuwa inang'aa, wasichana wa shule hiyo wanachoma chumvi kwenye moto, moto unageuka kijani, unageuka zambarau. Binti yangu alisimama pale dakika kumi na tano. Nilimwona anavyosimama. Sitasema uongo, nami nilitamani.

Siku mbili baadaye tukaenda isiyochuja, dakika kumi kwa miguu kutoka kwetu. Watu walikuwa wachache. Tulipewa mwenyeji, kijana mrefu wa miaka 12 mwenye koti lililomzidi mikono. Alituonyesha maktaba, alituonyesha bustani waliyolima wenyewe, alijua jina la kila mpishi. Mwalimu wa hesabu alikaa chini na kijana wangu wa miaka saba, akamwuliza maswali, akasubiri majibu yake bila kuyamalizia. Chumba cha watoto wenye shida ya kusoma hakikuwa kimefichwa nyuma; kilikuwa katikati ya jengo na mlango wake uko wazi. Niliuliza kuhusu fizikia. Mwalimu wa sayansi aliniangalia usoni, akaniambia ukweli: wametafuta mwalimu wa fizikia miaka miwili, hawajapata, yeye mwenyewe ni wa baiolojia na ndiye anayefundisha. Nilimshukuru kwa kunieleza, na nikaondoka na jiwe tumboni.

Lakini si fizikia iliyonitoa machozi. Tulipofika kwenye ngazi za kutokea, mwenyeji wetu alitushika mkono mmoja mmoja kwa adabu. Akamwuliza binti yangu kama amefanya mtihani. Binti akasema ndiyo.

"Mimi nilikosa kwa alama nne," akasema.

Hakuna aliyemwuliza. Ulikuwa umepita mwaka na zaidi. Kijana anajua jina la kila mpishi, anashikana mikono na wageni kama mtu mzima, na bado analitaja lile deni kabla hujamwambia kwaheri.

Njiani binti yangu hakuzungumza mpaka tulipovuka barabara kuu. Kisha akauliza, "Alama nne ni kama mstari mmoja, Mama?"

Nikamwambia ndiyo. Ni kama mstari mmoja.

## Nililomwambia

Usiku ule nilimsimulia hadithi ya Muheza upya, yote. Kwota, hesabu alizonisahihishia kaka, tranka, jina la mtoto asiyeitika, madaftari juu ya kabati. Baba yao alikuwa mlangoni amesimama na kikombe chake cha chai, amesikiliza mpaka chai ikapoa. Nilimwambia binti kwamba swali lake la mwezi wa tano nilikuwa sina jibu lake, na kwamba mimi na Mjomba tulikaa miaka zaidi ya thelathini bila kuongea jambo hilo, si kwa sababu ya mtihani tu, kwa sababu watu wazima waliotupenda walinyamaza na sisi tukanyamaza nyuma yao.

Akaniuliza, "Kwa hiyo Mjomba alikuwa na akili kukuzidi?"

"Kwenye hesabu, ndiyo."

Alifikiri. "Uliwahi kumwambia?"

Nilimwambia nitamwambia Jumapili. Na nilimwambia.

Kama ingekuwa ni juu yangu, mtihani huu ningeufuta Kent nzima. Sheria ileile ya 1998 iliacha nafasi ya wazazi kupiga kura kuhusu shule za grama zilizopo. Kura hiyo imepigwa mara moja tu, Ripon, kaskazini, mwaka 2000, na wazazi wakaamua yao ibaki. Nawaelewa. Mwenye mtoto wa miaka kumi haangalii nchi, anaangalia mtoto wake. Ningepewa ile karatasi ya kura ningeujua upande wangu. Niliyopewa ni fomu ya mtoto mmoja, ya kuorodhesha shule kwa kufuata tunavyozipenda.

## Saa kumi jioni

Majibu yalikuja katikati ya Oktoba, kwa barua pepe, saa kumi jioni. Alama zinaonyeshwa zote: Kiingereza, hesabu, kufikiri, kisha jumla. Lazima ufikie jumla, na lazima kila moja isishuke chini ya kiwango chake. Nilizisoma mara mbili kabla sijamwita.

Alipita. Kwenye Kiingereza alipita kwa alama tano.

Aliponiona nafungua mdomo aliuziba kwa kiganja chake. "Usipige vigelegele kwanza." Akainama, akaingia chini ya meza, na kwa muda nilisikia minong'ono tu na kigari kikigonga mguu wa kiti.

Fomu tuliijaza siku kumi baadaye, sote wanne mezani. Grama ya kwanza, ile ya dakika kumi ya pili. Ni ule moto wa zambarau, na ni fizikia, na ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeinyoshea kidole. Sijatulia. Miaka mitatu ijayo nitakaa meza hiihii na fomu ya mdogo wake, na safari hiyo nadhani shule ya dakika kumi itakuwa ya kwanza, mtihani afanye asifanye. Chumba kile chenye mlango wazi nimekiona kwa macho yangu.

Siku ya majibu nilimtumia kaka ujumbe wa neno moja: "Amepita." Alikuwa bandani, ilikuwa jioni sana kwao, nikajua atachelewa kujibu. Hakuchelewa.

"Hongera zake," aliandika. Kisha, kabla sijaiweka simu chini: "Na mdogo wake mmemwambiaje?"

Sikuandika kitu. Nilimpigia, nikainama, nikampitishia kijana simu chini ya meza.

"Mjomba," nikamsikia anasema, "Dada amepita, na amenipa vitabu vyake. Nimechukua vya maumbo tu. Vya maneno nimemwambia asubiri."